Fundi Athmani Alijibu Yote

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na leso doti nzima, mkala biriani, kisha yule mdogo wenu kuliko wote akanishika mkono akasema, "Bi Zuhura, tuandikie ya zamani, yasije yakapotea." Nimekaa na neno hilo wiki sita. Vyeo sitaviandika, kwa kuwa havikunifunza chochote, na mishahara mnaijua wenyewe ilivyo. Nitawaandikia habari ya ripoti moja niliyoitia sahihi katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa na uhakika nayo kuliko karatasi yoyote niliyowahi kuiandika, nayo ilikuwa mbovu. Mtoto mmoja wa Junju nusura ailipie kwa sikio lake.

Chumba chetu cha kwanza pale hospitali ya Malindi kilikuwa stoo ya mablanketi. Tulipewa kwa sababu mablanketi humeza sauti, na pia kwa sababu hakuna idara nyingine iliyokitaka. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na chumba cha dobi, na mashine ya kufulia ikianza kuzunguka tulisimamisha kazi tukanywa chai. Mashine yetu ya kupimia usikivu ilikuwa na visikizio viwili, kimoja kizima na kimoja cha kubembeleza. Nilikifunga plasta, nikajifunza kuukunja waya wake pembe fulani ili kisikate. Nyinyi mliokuta chumba chenye kuta za sponji mnaweza kucheka, lakini ile plasta ilidumu miaka minne.

Aliyenifunza kazi ni Bwana Katana, afisa wa kliniki, mtu mfupi wa Kaloleni mwenye viatu vinavyong'aa kuliko sakafu. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye kibago mlangoni, akanikataza kugusa chochote mpaka adhuhuri. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Saa sita akaja akaniuliza nimesikia nini. Nikamtajia ndoo, kikohozi, kunguru, mashine ya dobi, viatu vya matron. Nilijiona hodari.

"Na feni?" akauliza.

Feni ilikuwa juu ya kichwa changu, inalia kama mlango mkavu. Nikamwambia nimeisahau.

"Hukuisahau. Umeizoea. Uliyoyazoea ndiyo yatakayokuponza kazi hii."

Nilimwona mzee ana maneno mengi. Wiki ile ile nikampima mtoto aliyepakatwa na mamake, akageuka kila nilipobonyeza kitufe, nikaandika kwamba anasikia vizuri. Bwana Katana akamshusha mtoto, akamkalisha peke yake mkekani, nikabonyeza tena, na mtoto akaendelea kuchezea kidole chake cha mguu. Mama alikuwa akibana pumzi kila aonapo mkono wangu unasogea, na mtoto alikuwa akiisikia ile pumzi kwa mgongo. Nilitukanwa ukumbini mbele ya wagonjwa, kwa adabu lakini nilitukanwa. Mwaka uliofuata Bwana Katana akahamishiwa Kilifi, nikabaki na stoo yangu, nikajihesabu nimeshafuzu.

Ndipo ikaja habari ya Fundi Athmani.

Fundi Athmani alikuwa mshonaji wa kanzu katika mji wa kale, karibu na msikiti wa Ijumaa. Mtu wa maneno mazuri. Watu walikuwa wakipita kwenye meza yake hata kama hawana nguo ya kushona, wapate kuamkiwa tu. Homa ya uti wa mgongo ikamlaza siku kumi na saba, na alipoamka alikuwa hasikii kitu, kulia wala kushoto. Nilimpima mwenyewe. Nilifungua sauti ya mashine mpaka mwisho, sauti ambayo ingemrusha mtu kitini, naye akawa ananitazama tu kwa upole, akingojea nianze.

Kulikuwa na daktari wa Kitaliano, mpasuaji wa masikio huko kwao, aliyekuwa akija Watamu kila mwaka kupumzika na kila mwaka akishonewa kanzu na Fundi. Alipomkuta kiziwi alihuzunika kikweli. Akatueleza kwamba huko kwao wameanza kupandikiza kifaa ndani ya sikio: uzi wa waya mwembamba unaingizwa katika ule mfereji wa ndani uliojikunja kama konokono, na kisanduku kinachofungwa kiunoni kinauletea umeme badala ya sauti. Vya siku hizi mnavijua, vina njia nyingi za kupitishia sauti, na nimewaona kwa macho yangu watoto wakizungumza navyo kama chiriku. Kile cha wakati ule kilikuwa na njia moja tu. Asinielewe mtu vibaya. Sizungumzii vifaa, nazungumzia upimaji wangu.

Fundi akachukuliwa, akapasuliwa, akarudi na kovu nyuma ya sikio na kisanduku mshipini. Mtaliano akanipa kazi ya kumfuatilia. Orodha zake za maneno zilikuwa za lugha yake, kwa hiyo akaniambia nitunge za Kiswahili. Nikatunga. Ilikuwa heshima kubwa, na nilivimba kichwa, sitaficha.

Nilimkalisha Fundi, nikaficha mdomo kwa faili ili asinisome midomo, nikaanza. Sasa mtu mzima wa Malindi, aliyenizidi umri, huwezi kumvamia kwa maneno makavu. Nikaanza kama anzavyo mtu. Hujambo, Fundi? Habari za asubuhi? Za nyumbani? Watoto hawajambo? Na mama mzee? Biashara? Akajibu yote. Sijambo, njema, salama, hawajambo, aamka salama, twashukuru Mungu. Hakukosa hata moja. Nikamwekea picha tatu mezani, kuku, kitabu na pilipili iliyochorwa vibaya, nikawa nataja moja aiguse. Aligusa pilipili kila niliposema pilipili. Machozi yalinitoka. Fundi naye akalia, nikadhani tunalilia jambo moja.

Nikaandika: mgonjwa anasikia na kuelewa mazungumzo ya kawaida bila kusoma midomo. Nikatia sahihi na mhuri wa hospitali.

Mtaliano aliisoma ile ripoti kama mtu anayesoma barua ya posa. Alimwonyesha Fundi kwa wageni wa hoteli. Kisha akaniuliza kama nina mgonjwa mwingine, mdogo, maana mtoto atafaidika zaidi. Nilikuwa naye: Kadzo, msichana wa miaka sita kutoka Junju, aliyezaliwa kiziwi. Mamake, Mbodze, mkulima mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa akimleta kila mwezi, wanavuka kwa feri pale Kilifi, siku nzima njiani. Sikio la kushoto la Kadzo lilikuwa limekufa. La kulia lilikuwa na kitu kidogo cha kusikia, chini kabisa, katika sauti nzito. Kulikuwa na mpango wa kumtafutia kifaa cha kuvaa kifuani, chenye waya wa kwenda sikioni, lakini kilikuwa hakijafika.

Mtaliano alitaka kulipasua la kulia, kwa kuwa ndilo lenye mshipa alioujua kuwa hai. Nikamuuliza kitakuwaje kile kidogo alichonacho. Hakunificha. Akaniambia waya ukiingia, kilichomo hufa, hakirudi.

"Lakini atapata maneno," akasema. "Wewe mwenyewe umeandika. Fundi anazungumza. Utamwachia mtoto ngoma, ukamnyima maneno?"

Kwa ripoti ile, alikuwa na haki. Mbodze akaweka dole gumba kwenye karatasi. Safari ikapangwa Jumamosi, gari litoke Watamu saa nne asubuhi kwenda uwanja wa ndege Mombasa.

Jumanne ya wiki hiyo akafariki ami yake Fundi Athmani. Jumatano asubuhi nikaenda kutoa mkono wa tanzia. Wanaume, wengi wao wageni wa kutoka Mambrui, walikuwa barazani wamegawana juzuu, wanasoma. Fundi ameinamia yake, kidole juu ya mstari, kisanduku kiunoni kimewashwa, nikakiona kitaa chake chekundu. Nilikuwa napita kuingia kwa wanawake, nikasimama nyuma ya bega lake.

"Makiwa, Fundi," nikasema, kumpa pole.

Kidole kikasimama. Hakuinua kichwa.

"Njema, alhamdulillahi," akasema kwa ile sauti yake nzuri. "Za Mambrui?"

Vichwa vikainuka kutoka kwenye juzuu. Mzee wa pembeni aliacha kuvuta tasbihi. Mmoja akamgusa goti, Fundi akainua uso, akaniona nilivyojitanda, akaona macho ya watu, akajua amejibu nini. Sijapata kuona uso wa mtu ukianguka vile.

Niliingia ndani nikakaa mkekani na wanawake. Mmoja akanong'ona, "Maskini, msiba umemchanganya." Nikaitika kwa mdomo tu. Fundi hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa amefanya vile vile alivyofanya mezani kwangu: amesikia kwamba mtu amesema, amesikia amenyamaza, akatoa jibu linalofuata.

Alhamisi niliomba ruhusa ya uongo, nikapanda basi kwenda Kilifi. Bwana Katana alikuwa akisafisha sikio la askari. Alimaliza kwanza, akanawa, ndipo akaichukua nakala ya ripoti yangu. Aliisoma mara mbili. Akavuta kiti karibu yangu, akafunga mdomo kabisa, akaguna kwa puani tu, kwa mlio wa mtu anayeuliza hali.

"Sijambo," nikasema.

Akaguna tena, mrefu kidogo.

"Njema tu, mzee."

Akaguna mara ya tatu.

"Hawajambo wote, wakusalimu."

Akanitazama. "Nimekuuliza nini?"

Hakuwa ameniuliza kitu. Mimi mwenye masikio mawili mazima nilikuwa nimezungumza na mtu aliyefunga mdomo, na lau asingenisimamisha ningemuuliza za Kaloleni.

"Sisi tuliozaliwa pwani hii tunaweza kuamkiana tukiwa tumelala," akasema. "Umempima adabu yake, Zuhura. Adabu anayo. Na hizi picha: neno kuku fupi, kitabu refu kidogo, pilipili refu zaidi. Amekuhesabia mapigo ya neno. Huyo mtu ana akili kuliko wewe."

Nililia pale pale mbele ya askari aliyekuwa akivaa kofia yake. Bwana Katana hakunibembeleza. Alichukua karatasi, tukaandika maneno mapya, yote ya mapigo mawili, yasiyotofautiana ila kwa herufi moja mbili: paka, taka, kaka, saka, na mengine ya namna hiyo. Halafu maswali ambayo majibu yake hakuna mtu anayetembea nayo mfukoni. Aliponisindikiza kituoni akasema neno moja tu: "Jumamosi haiko mbali."

Ijumaa baada ya sala nilikwenda dukani kwa Fundi. Tulizungumza kama ilivyokuwa kawaida yake tangu awe kiziwi: ananitazama mdomo, na linalomshinda naliandika mezani kwa chaki ya kukatia nguo. Nikamwomba ageuke ukutani, nikamsomea yale maneno mapya, ayarudie. Saka akasema taka. Kaka akasema paka. Aliyoyapata, angeyapata yeyote kwa kubahatisha. Kabla sijafika nusu akageuka mwenyewe.

"Basi, Zuhura. Usinitese."

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu wiki ya pili."

"Na hukuniambia!"

"Uliniuliza?" Sauti yake ilipanda mpaka mpita njia akageuka. "Ulicheka, ulilia, ukaandika. Mtaliano alinikumbatia mbele ya watu uwanja wa ndege kama ndugu yake. Nimeletewa sikio kutoka ng'ambo, niseme halina maneno? Niseme kwa uso upi?"

Akapiga kisanduku chake kwa kiganja.

"Sikiza, mwanangu. Miaka miwili nilikuwa kaburini. Sasa nasikia mlango ukibishwa. Nasikia cherehani yangu ikikatika uzi. Adhana naisikia imeanza, ingawa siijui inasema nini. Leo ukaandike kwamba Athmani ameshindwa, watu watasema yule mpumbavu alijitia kusikia. Utanipora hata mlango."

Niliandika mezani: Kuna mtoto. Nikamweleza Kadzo ni nani, sikio lipi, lina nini ndani, na kwamba Mtaliano anamchukua kesho kwa nguvu ya karatasi yangu. Nilimweleza kwamba yeye, Fundi, alipasuliwa akiwa hana cha kupoteza, na mtoto huyu anacho. Hakuwa amejua. Alisoma meza nzima, kisha akafuta chaki kwa mkono wa kanzu, polepole, mpaka mbao ikabaki safi.

"Kuna mteja," akasema. Hakukuwa na mteja. Akageukia cherehani, akaanza kukanyaga.

Usiku ule sikulala, na sitaueleza zaidi ya hapo.

Jumamosi saa mbili na nusu nilikuwa Watamu, katika chumba cha Mtaliano hotelini. Masanduku yake yalikuwa mlangoni. Mbodze alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti kana kwamba atatozwa pesa ya kukikalia, na Kadzo amesimama kati ya magoti yake, amevalishwa viatu vipya vilivyombana. Nikampa daktari barua yangu. Aliisoma amesimama.

"Wiki nne zilizopita ulikuwa na hakika," akasema. "Leo huna?"

"Nilikosea."

"Mtu aliye msibani kujibu vibaya, huo si ushahidi. Na dukani, mlango wazi, barabara ina kelele. Huko ndiko ulikompimia?"

Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Ndiyo maana niliogopa. Lau angekuwa mtu mbaya ningemkemea, lakini alikuwa mtu mwema mwenye haraka, na sikujua dawa ya mtu kama huyo. Nikamwambia tungoje, tumpime Fundi upya hapa, mbele yake. Akaniuliza Fundi yuko wapi. Nikasema anakuja. Sikuwa nimeahidiwa na mtu.

Saa tatu. Saa tatu na nusu. Mbodze aliniuliza, "Sista, kuna maneno gani?" Nikamwambia karatasi zimekosewa kidogo. Nilikuwa mwoga kiasi hicho. Daktari alianza kuvaa saa yake na kutafuta pasi za watu. Niliwaza kumshika mtoto mkono nikakimbia naye, na nilijua nikifanya vile nitafutwa kazi na mtoto atapelekwa vile vile na mwingine.

Saa nne kasoro robo mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Fundi Athmani, kanzu imelowa jasho mgongoni. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Gede, basi lilipomwacha.

"Nipimeni," akasema. Hakumtazama mtu.

Daktari akamkalisha kiti kinachotazama ukuta. Akataka nianze na orodha yangu ya kwanza, ile ya ripoti, naye akashika nakala. Nikasoma nyuma ya kichwa cha Fundi. Habari za asubuhi? Njema. Za nyumbani? Salama. Watoto? Hawajambo. Moja baada ya moja, bila kosa, na daktari akaweka alama kwa kalamu, akanitazama kwa huruma.

"Sasa nitazame mimi," nikamwambia daktari. "Nitazame mdomo."

Nikafunga midomo, nikaguna.

"Sijambo," Fundi akauambia ukuta.

Nikaguna.

"Njema, alhamdulillahi."

Nikaguna mara ya tatu, na Fundi akajibu kwamba wote wazima, na sauti yake ikakatika mwishoni kwa kuwa alijua ninachokifanya na aliniachia nikifanye. Kalamu ya daktari ilibaki hewani. Nikamsomea maneno ya Bwana Katana, na daktari akaweka alama mwenyewe, kosa, kosa, sahihi, kosa, kosa, mpaka akaacha kuweka. Akakaa kitandani juu ya koti lake alilokwisha kulikunja. Alionekana mzee ghafla. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma zaidi, kwa kuwa jina langu ndilo lililokuwa chini ya karatasi.

"Hata hivyo anasikia," akasema kwa sauti ndogo. "Si kitu kidogo, yeye hakuwa na chochote."

"Si kidogo," nikasema. "Kwake."

Mbodze alikuwa amesimama. Hakuwa ameelewa mambo ya orodha, lakini nyuso alizielewa. Hakuniuliza mimi, wala daktari. Alimzunguka Fundi akasimama mbele yake, akasema polepole ili aonwe midomo.

"Baba, mimi ni mama yake. Niambie wewe uliyetiwa hicho chuma. Nikimwita mwanangu, atasikia?"

Nilimwona Fundi anatafuta neno jema, lile la kumfurahisha mtu, alilokuwa nalo siku zote. Akaliacha.

"Atasikia kuna mtu anaita," akasema. "Hatajua ni wewe."

Mbodze akarudi nyuma hatua moja. Akamwekea Kadzo mkono upande wa kulia wa kichwa, kana kwamba kuna anayetaka kumgusa pale.

"Mimi ananijua," akasema. "Nikimwinamia hapa nikamwita kwa nguvu, ananijua. Wallahi, ananichekea." Alikuwa Mkristo wa Junju, lakini aliapa kwa kiapo cha Fundi ili Fundi amwelewe.

Daktari akaanza kusema neno juu ya wakati, juu ya tiketi, juu ya mwaka ujao. Alikuwa bado hajaamua. Nilimwona anapima: safari iliyokwisha pangwa, watu wanaomngoja kwao, mtoto aliyevaa viatu vipya. Akaichukua ile ripoti yangu ya kwanza, akaishika pamoja na ya pili, moja kila mkono.

Hapo dereva wa gari la Mombasa akapiga honi nje.

Watu wawili chumbani waligeuza vichwa mlangoni kwa pamoja: Fundi Athmani, na waya wake nyuma ya sikio, na Kadzo, asiye na kifaa chochote, kwa sikio lake mwenyewe.

Daktari alimtazama mtoto. Akaziweka karatasi zote mbili kitandani, akatoka mwenyewe kwenda kumwambia dereva azime gari.